Mbona Run ya Miguu Haijafika

Kapseret, Eldoret
9 Machi 2024

Sylvia Nasambu,

Wewe msichana, kwanza keti. Salamu zitakuja, lakini hasira ndiyo imefika kwa kalamu mbele. Hiyo ni Krismasi ya tatu imepita tukichinja kuku na paja lako linabaki kwa sufuria kwa sababu mwenyewe hayuko. Ulisema utakuja mvua ikianza. Mvua imeanza, imeisha, imeanza tena. Ukasema shule ikifungwa. Hiyo shule ya Marekani haifungwi? Mimi nilikubeba mgongoni mpaka ukaota meno, na huo mgongo bado unakumbuka uzito wako. Usinizoee.

Sasa salamu: mulembe, mama yangu. Nakuita mama kwa sababu Nasambu ni jina la mama yangu mzazi, na nikikugombeza sana atanijia kwa ndoto.

Unajiuliza nani amenishikia kalamu. Hakuna. Ni mimi kukhu yako, nyanya yako mwenyewe. Kanisani wamefungua darasa la gumbaru, la sisi wazee ambao shule ilitupita, na mwalimu wetu Cherono, msichana wa juzi tu lakini mkali, amesema kila mtu aandikie mtu wake aliye mbali. Wengine wameandikia watu wa Kapsoya, hapa tu mjini. Mimi nimewapita wote. Hata bila mwalimu ningeandika, kwa sababu simu nimechoka nayo. Ukipiga unasema uko sawa, nasema niko sawa, inakatika. Barua haikatiki.

Sisi tuko. Baba yako Wesonga bado anabeba mahindi kutoka Turbo na lori lake. Amechora upya yale maandishi ya nyuma, SYLVIA MBIO, kwa rangi nyekundu mbaya inayoonekana mpaka mbinguni. Akipita sokoni watu wanamuuliza umeshinda wapi wiki hii, naye anajibu kwa honi. Ng'ombe amezaa dume, kazi bure.

Jambo lenyewe ni hili. Nilienda kliniki kwa kitu kidogo cha uzee. Nesi alikuwa mgeni, hata jina sikulishika, Kiingereza kimemjaa mdomoni. Akaniuliza, "Running nose?" Nikatega sikio. Akauliza, "Running stomach?" Hapo nikasikia neno langu. Nani hajui running kwa hii Eldoret, hata mbuzi wanaijua. Nikafikiri ameniona sura akajua mimi ni nyanya wa nani. Nikaketi wima, nikamjibu kwa Kiingereza changu chote: "Yes. America." Akaandika. Nikaongeza, "Very fast." Akaandika tena, akanihurumia kwa macho, akanipa pakiti za ile poda ya kuchanganya na maji, ya mtu anayehara.

Nilipomsimulia Mwalimu Cherono alicheka mpaka akajipangusa machozi na kile kitambaa cha ubao, uso ukawa mweupe wote. Halafu akatuambia run si ya miguu peke yake. Ati hilo neno lina kazi nyingi kuliko sisi wote darasani tukijumlishwa. Nikasema basi mimi nina mtu wa kumuuliza, maana wa mbio ni wa kwangu. Kwa hivyo kila barua uniletee kazi mbili tatu za run, nami nizipeleke darasani. Na useme unakuja lini.

Ni mimi kukhu yako,
Khakasa

*

Iowa, Marekani
14 Aprili 2024

Kukhu wangu,

Mulembe muno. Nilipoona mwandiko kwenye bahasha nilifikiri ni mtoto ameniandikia, unisamehe, kisha nikasoma mstari wa kwanza nikajua ni wewe kabisa. Nililia kidogo. Halafu nikafika kwa nesi, nikacheka mpaka Marta, msichana ninayeishi naye, akaja kuangalia kama niko mzima. Nilimtafsiria yote. Sasa kila tukikutana jikoni ananisalimu, "Very fast."

Mimi ni mzima. Baridi imepungua, ingawa hapa hata jua likiwaka unavaa sweta. Masomo ni mengi. Nafanya pia kazi kwenye chumba cha tiba cha timu. Nakanda misuli, nafunga bandeji, nawapa barafu walioumia. Nakula vizuri, usiulize. Mwambie baba hongera ya rangi mpya. Na kliniki ulienda kwa nini, Kukhu? Hujasema.

Haya, kazi za run. Mtu akiacha mfereji wazi, maji yana-run. Mto pia una-run, hata ule wetu wa bondeni ambao kiangazi unalala. Baba akiwasha lori, injini ina-run ingawa lori lenyewe limesimama pale pale uani. Pua ikitoa kamasi ina-run, na tumbo unalijua. Mtu mwenye duka ana-run duka, yaani analiendesha. Maziwa yakiisha dukani, mwenye duka anasema ame-run out. Na mimi wiki iliyopita nilifua tisheti nyekundu ya timu pamoja na shuka nyeupe, rangi ika-run. Sasa nalala kwenye shuka ya rangi ya waridi kama bibi harusi.

Darasa linatosheka hapo?

Kuhusu kuja, tutaona. Mwezi wa nane kuna mambo ya shule.

Mjukuu wako,
Sylvia

*

Kapseret
2 Juni 2024

Nasambu, mama,

Mulembe. Nimetafuta "tutaona" kwenye kalenda ya ukutani, mwezi kwa mwezi. Haiko.

Huku mahindi yamefika magotini. Baba yako ana kifua na hataki sweta. Jepkosgei wa duka hapa karibu anauliza mbona hukumtaja kwenye barua. Mtaje, tafadhali, nimechoka kununua sukari kwa mtu aliyenuna. Kliniki ni yangu, wewe uliza mambo yako.

Barua yako niliisoma darasani nikiwa nimesimama, mimi mwenyewe, na nilipokwama Mwalimu Cherono hakunisaidia, alingoja tu na mikono kifuani. Nilifika mwisho. Watu walipiga makofi kama wamenunuliwa soda.

Halafu vita ikaanza. Mzee Wilson, yule mwenye shamba nyuma ya kanisa, alikataa kabisa maneno ya maziwa. Maziwa yakimbie nje, ati yamekimbizwa na nani? Mwalimu akamwambia Wazungu hawamaanishi hivyo. Mzee akasema basi waseme wanachomaanisha, wasisumbue ng'ombe. Kageha naye, mama wa mitumba, yule ambaye hawezi kuongea bila kutazama chini kwanza, aliinua mkono. Akasema polepole, "Lakini hata sisi. Wesonga anaendesha lori. Jepkosgei anaendesha duka. Na mtoto akila maembe mabichi?" Darasa zima likajibu pamoja, "Anaendesha." Mwalimu alitoka nje akakaa huko muda. Nasambu, tumeongea hiki Kiswahili tangu tukiwa watoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia hiyo.

Lakini mimi lile la injini ndilo limenishika. Lori limesimama, halijaenda hata hatua moja, na bado Mzungu anasema lina-run. Kila nikikamua nalifikiria. Nikajiuliza kama moyo pia una-run mtu akiwa amelala. Uniambie. Ni neno la herufi tatu tu, hata mimi naliandika bila kupumzika, na angalia mizigo linabeba: mto, pua, duka, shuka zako. Neno kama hilo lingekuwa mtu ningelipikia chai. Na wewe unayezijua zote hizo, na kuzipanga ili kukhu yako aelewe, nakuheshimu. Nimewaambia watu hapa ya kwamba huyo mtoto nilimlea mimi.

Hukuniambia mbio za mwezi wa tano zilienda aje. Baba yako anangoja habari ya kupigia honi.

Kukhu yako

*

Iowa
21 Julai 2024

Kukhu wangu,

Mulembe. Salamu nyingi kwa Mama Jepkosgei, mwenye duka safi kuliko yote Kapseret, ambaye biskuti zake nimezikumbuka hata kwa ndoto. Msomee hapo, mstari mzima.

Baba avae sweta. Mwambie ni amri kutoka Marekani.

Barua yako niliibeba kwenye begi nikaisoma kila mahali. Hapa mtu ninayeongea naye Kiswahili hayuko, kwa hivyo nikikusoma natoa sauti. Marta anasema naongea na karatasi.

Moyo hau-run, Kukhu. Wanasema unapiga, kama kwetu. Hapo ndipo nikagundua kwamba Wazungu wana run na sisi tuna piga. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha. Tunapiga magoti, tunapiga kura, tunapiga deki, tunapiga mswaki na tunapiga hadithi. Nilimweleza Marta, akaniuliza kwa upole kwa nini watu wa kwetu wana hasira hivyo.

Kazi nyingine ndizo hizi. Mtu anayetafuta kiti cha siasa ana-run, hata kama ni mnene na hawezi kupanda ngazi. Basi linalotoka hapa kwenda mjini lina-run kila saa. Ukikutana na mtu njiani bila kupanga, ume-run into yeye, lakini hakuna aliyeumia. Kitu ambacho familia yote inacho kina-run ndani ya familia, kama mwanya wetu wa meno: wewe, baba, mimi. Na hii itamkasirisha Mzee Wilson: mtu aliyechelewa anasema ana-run late.

Hapa kazi inaongezeka. Chumba cha tiba sasa ni mimi ninayefungua asubuhi, maana mkuu wetu ana mtoto mchanga. Nimejifunza kumshika mtu mguu nikajua panapouma kabla hajasema. Ningependa uone.

Desemba sidhani nitaweza, Kukhu. Usikasirike. Nauli, na mitihani, na mambo mengine.

Mjukuu wako,
Sylvia

*

Kapseret
8 Septemba 2024

Sylvia,

Mulembe. Sisi wazima, baba yako amevaa sweta, Jepkosgei amesomewa mstari wake mara nyingi na sasa sukari ananipimia mpaka inamwagika. Hizo salamu zimeisha.

Darasani tuligawana kazi za run, kila mtu achukue moja aifanye mbele ya wenzake. Kageha alikuwa pua. Mimi nilikuwa injini, nilisimama nikatetemeka, wakanipigia makofi. Mzee Wilson alikataa zote. Alikataa run late kabla ya nyingine, akasema mtu aliyechelewa kweli angekuwa anakimbia, lakini hao wanaochelewa anaowajua yeye wote hutembea. Mwalimu akamuuliza, "Sasa Mzee utafanya ipi?" Akasema, "Mimi nangoja run ya miguu. Hiyo nitafanya bila kusoma. Mbona haijafika?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nikarudi nyumbani, nikatoa barua zako zote mbili, nikaziweka juu ya meza nikazisoma na kidole, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa.

Run ya mto iko. Run ya pua iko. Ya duka, ya basi, ya mwanasiasa mnene, ya mwanya wa meno, ziko. Na kwa upande wa piga, umepiga simu, umepiga pasi, umepiga mpaka mswaki. Piga mbio iko wapi? Wewe ambaye ukiwa mtoto hukujua kutembea, ulitoka kutambaa ukaingia kukimbia, umeniletea kila run iliyo duniani isipokuwa ile moja uliyoondoka nayo hapa. Mbio za mwezi wa tano nilikuuliza, ukanijibu biskuti za Jepkosgei.

Mimi sikusoma, kwa hivyo nasoma polepole. Mtu akisoma polepole anaona pale palipoachwa wazi.

Sijui ni nini. Sitaki kubahatisha. Lakini nitakuambia neno na utanikasirikia. Huku kwetu kukimbia kumezaa watoto wawili. Mmoja ni mkimbiaji, mwingine ni mkimbizi. Siku ile uwanja wa ndege, kwaya ikiimba, pasta akiviombea viatu vyako, aliyeondoka alikuwa yule wa kwanza. Sasa mtu anayekaa ugenini kwa sababu anaogopa kwao, huyo mimi namjua kwa jina gani?

Niambie ukweli, kisha uje nyumbani. Ama uje kwanza, ukweli tuupike pamoja.

Kukhu

*

Kapseret
24 Novemba 2024

Mama yangu Nasambu,

Kimya chako nimekisikia mpaka masikio yanauma. Posta baba yako ameenda mpaka yule karani akianza tu kumwona anatikisa kichwa.

Neno langu siliondoi. Lakini nimeliwekea mto chini, uweze kulilalia.

Mahindi yamevunwa, ni mazuri. Lile dume la ng'ombe limekua na linanifuata kama mbwa. Darasani tumeacha run kwa muda, tunaandika majina ya watoto wetu. Lako nimeliandika tayari, Mwalimu akasema mkia wa ile y umepinda vizuri.

Huwezi kuandika barua, andika neno moja. Andika "niko". Mimi nitajua.

Kukhu yako anayekupenda hata ukinuna

*

Iowa
12 Januari 2025

Kukhu,

Niko.

Nimeandika hii barua mara nyingi nikaitupa. Leo theluji imefunga mlango, hakuna mahali pa kwenda, kwa hivyo nitaimaliza.

Ni nyonga. Ya kushoto. Ilianza kuuma mwaka wa kwanza nikiwa hapa, nikanyamaza, maana nilikuwa nashinda. Halafu siku ya mazoezi tu, hata si mashindano, nilisikia kitu ndani kama mtu amevunja kijiti kikavu. Mfupa ulikuwa umepasuka. Walinipasua, wakaweka vyuma. Baadaye daktari alikaa kitandani kwangu, mtu mzuri, akasema nitatembea. Akasema nitazaa watoto. Nitapanda ngazi, nitaogelea, nitacheza kwenye harusi. Alitaja vingi, Kukhu, nami nilikuwa nangoja ataje kimoja. Hakukitaja. Kama wewe na barua zangu, pale palipoachwa wazi ndipo niliposoma.

Tangu hapo sijakimbia. Hata kuvuka barabara.

Hawakunifukuza. Walisema nimalize masomo ya tiba ya viungo, nisaidie timu kwa njia hiyo. Nilikubali kwa sababu sikujua kitu kingine cha kukubali. Mwezi wa kumi mkuu wetu alikuwa akimwonyesha msichana mgeni vyumba vyetu. Mimi nilikuwa nimeinama nikifunga kifundo cha mguu wa mtu. Nikamsikia anamwambia yule mgeni, "Sylvia runs this place." Alisema hivyo tu, akaendelea na safari. Mimi niliingia stoo nikajifanya nakunja taulo. Mpaka leo sijui ni kwa nini nililia, kama ni kwa uchungu ama ni kwa ile sifa.

Ulinikasirisha na mkimbizi. Nilikasirika wiki nzima, halafu nikaona kwamba hasira yote haikunisaidia kupata jina lingine.

Natembea nikivuta mguu, Kukhu. Kukiwa na joto kidogo, kukiwa na baridi sana. Kila Desemba natazama tiketi. Halafu naona ile siku: nashuka ndege nikichechemea, baba amekuja kunichukua, na lori lina jina langu nyuma kwa rangi inayoonekana mpaka mbinguni. Naona watu wa sokoni wakiniangalia miguu. Mji mwingine wowote mtu akichechemea ni mtu anayechechemea. Eldoret, mimi nitakuwa habari. Ndiyo maana sijaja. Sijasahau nyumbani hata asubuhi moja.

Usimwambie baba. Nakuomba.

Na wewe pia, Kukhu. Nilikuuliza kliniki, hukunijibu.

Sylvia

*

Kapseret
23 Februari 2025

Nasambu wangu, mama yangu, mtoto wangu,

Mulembe. Mulembe tena.

Niliposoma barua yako nilikuwa nimekalia kigoda cha kukamulia na sikuinuka mpaka maziwa yakapoa. Nililia kwa sababu ya ule mfupa, na kwa sababu ulilala hospitali ya watu huko na hakuna aliyekupikia uji. Nilipomaliza nikakasirika, maana ulinidanganya vizuri sana. Nilipomaliza kukasirika nikajivuna. Nikuambie kwa nini, lakini kwanza mengine.

Ulisema nisimwambie baba yako. Nimemwambia. Gombana na mimi ukija. Nilimwita jikoni, nikamsomea yote, hata ile ya lori, sikuruka. Alienda akakaa ndani ya lori, injini imezimwa. Nikamfuata, nikamwambia kama hayo maandishi yatamwaibisha mtoto ayafute yote. Akaniambia, "Mama, mbio nitafuta. Sylvia haitoki." Jumamosi akapaka MBIO rangi ya kijani, na kijani hicho hakifanani na cha lori hata kidogo, sasa SYLVIA imekaa kando ya kiraka. Kwenye mizani huko Turbo wakamuuliza mbona. Akasema hilo ni jina la mtoto wake na barabara ni ya wote, wapite. Usiku huo alikula sahani mbili. Amekuwa akihofia kitu tangu zamani, nafikiri, na sasa amekijua.

Kliniki nilienda kwa goti. La kulia. Limevimba likawa kama kichwa cha mtoto. Kanisani sifiki tena. Darasa ndilo linakuja kwangu, wamekaa kwenye madebe na kitanda cha jikoni. Sikukuambia kwa sababu ungekuja kwa ajili ya goti, na mimi nilitaka uje kwa ajili yangu.

Sasa la kujivuna. Nilimwambia Mwalimu Cherono leo somo ninalo mimi. Nikawaambia wote waandike: Sylvia runs this place. Tuliandika. Mzee Wilson aliandika kwa herufi kubwa mpaka karatasi ikaisha kabla ya place, akaimalizia nyuma. Mwalimu akauliza hapo run ni kazi gani. Nikasema ni kuendesha. Kageha akaniangalia. Nikamwambia, "Jaribu kucheka." Hakuna aliyecheka, Nasambu. Mzee Wilson aliuliza ni nini hicho unachoendesha, nikawaeleza: ya kwamba wale wote wanaokimbia huko, weupe kwa weusi, wakivunjika wanaletwa mbele ya mjukuu wangu, na anawashika mguu, na anajua panapouma kabla hawajasema. Mzee alifikiri. Wanawe wawili walikimbia, unawajua, mmoja magoti yaliisha, sasa anakaa tu pale duka la Jepkosgei. Akasema, "Wa kuvunja wako wengi hapa. Wa kuunga ndiye hatuna." Akakunja karatasi yake akaiweka ndani ya kofia.

Mimi nilikuwa nasifu run ya miguu kwa sababu ndiyo niliijua. Ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Nilikuwa nikikuona ukipita kwenye ua na mkebe wa maziwa na hakuna hata tone limemwagika, na moyo wangu unapiga. Hiyo imeenda, na tutaililia pamoja ukija, tukae chini tulie vizuri, tusimalize haraka. Lakini kumfungulia mtu mlango asubuhi, na kumshika mahali palipovunjika, na kukijua chumba chote mpaka watu wanakitaja kwa jina lako, hiyo mimi naiogopa kwa heshima. Sikujua nimelea mtu kama huyo.

Umesema utakuwa habari. Ndiyo, utakuwa. Watakutazama. Wengine watauliza, na wawili watatu watasema vibaya, nami nawajua, nitawapitia mmoja mmoja. Habari ya Eldoret hukaa wiki moja kisha inakuja nyingine.

Kwa hivyo sikiliza namna ya kuja. Usingoje Desemba, uje shule ikifungwa mwezi wa tano. Usije umejificha, usimwambie baba yako akufikishe mpaka mlangoni. Akulete kwa lori mpaka pale barabara ya lami inapoachana na njia yetu, ushuke hapo, yeye aende mbele na mizigo. Wewe tembea. Njia nzima ina watu wanaokujua. Tembea ukivuta huo mguu kama unavyovutika, usiukaze, usiharakishe, na kila aliye mlangoni simama umpe mkono, umuulize watoto wake na ungoje jibu. Jepkosgei umwanze yeye. Akikuuliza miguu, mwambie. Mimi nitakuwa nimesimama getini nakuangalia ukija, na nikichoka kusimama nitaletewa kiti, lakini getini nitakuwa, hata ukichukua siku nzima kufika.

Kukhu yako,
Khakasa